Wati 600 za kwenye lebo

Swali: "Fundi, habari za kazi. Niko Tororo, nina studio ndogo ya kuhariri video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho). Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara, prosesa i5-4590, ramu GB 16. Nimepata kadi ya grafiki ya mtumba, GTX 1660 Super, lakini pawa saplai ya ndani, kile kiboksi kinachogawa umeme, ni ya wati 290 na haina waya wa kuichomekea kadi. Duka la hapa lina mpya ya wati 600 kwa shilingi 70,000. Jamaa wa Kampala ananiuzia ya wati 500 kwa 260,000. Nimekutumia picha za zote mbili. Kwa nini nilipe karibu mara nne nipate wati pungufu? Na UPS yangu (betri ya akiba) ya 650VA itaweza?"

Jibu: Ndugu yangu, chukua ya wati 500. Ukiwa na haraka waweza kuishia hapo, ila usitume pesa kabla hujasoma sehemu ya Dell huko chini. Kuna kijiwaya kimoja ambacho usipokiagiza pamoja nayo, utapokea pawa saplai nzuri kutoka Kampala na itakaa mezani kama pambo.

Nimezikuza picha zako kwenye simu. Ile ya 70,000 imeandikwa "600W" kwa tarakimu nyekundu, kubwa kuliko jina la kampuni yenyewe. Chini yake kuna jedwali dogo ambalo wateja wachache hulisoma, na ukweli wote umekaa humo. Laini, yaani njia ya kutolea umeme, ya volti 3.3 inatoa ampea 28. Ya volti 5, ampea 30. Ya volti 12, ampea 16. Chukua kikokotoo cha simu, zidisha volti kwa ampea: ya kwanza inatoa wati 92, ya pili 150, ya tatu 192. Jumla 434. Ongeza zile laini mbili za mwisho zenye ampea za kuhesabu kwa vidole, unafika kama 450. Wati 150 zilizobaki zimezaliwa kwenye mashine ya kuchapa lebo. Na hiyo 450 yenyewe ni kwa kudhani kwamba kila laini itatoa kiwango chake cha juu kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata pawa saplai nzuri haiahidi.

Ila sikuikataa kwa sababu ya jumla. Nimeikataa kwa namba moja: zile ampea 16 za volti 12.

Prosesa yako na kadi yako zote zinakula kwenye laini ya volti 12. Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, inazichukua hizo volti 12, inazishusha hadi karibu volti 1 ambayo prosesa inataka, na kadi inafanya vivyo hivyo kwa chipu yake. Volti 5 na 3.3 zimebaki na kazi ndogondogo za USB, SSD na vitu vya aina hiyo. Zamani haikuwa hivyo. Kompyuta za miaka ya 1990 zilinyonya sana volti 5. Pentium 4 ilipokuja mwaka 2000 ikaongezwa plagi ya pini 4 ya volti 12 kwa ajili ya prosesa, na mwaka 2003 kiwango cha ATX, kanuni za pawa saplai za kompyuta, kikahamishia uzito kwenye volti 12, plagi kuu nayo ikatoka pini 20 ikawa 24. Kwa hiyo ukikuta pawa saplai "mpya" iliyojaliwa ampea 30 kwenye volti 5 na 16 tu kwenye volti 12, ujue ni mchoro wa zaidi ya miaka 20 uliovalishwa bati jipya.

Sasa tuhesabu mahitaji yako. Prosesa ya i5-4590 imepangiwa wati 84. GTX 1660 Super, wati 125. Mazabodi, ramu, SSD, hadidiski ya kuhifadhia harusi za watu na feni, tuziwekee 50 kwa ukarimu. Tunafika 260, na kati ya hizo kama 235 zinatoka kwenye volti 12. Gawanya kwa 12: karibu ampea 20. Ile ya 70,000 inakiri kwa maandishi yake yenyewe kwamba mwisho wake ni 16. Nayo itawaka, usishangae. Utafungua kompyuta, utasikiliza muziki, utakata na kuunganisha vipande vya video siku nzima, utasema fundi alikuwa ananitisha. Siku ya kurenda, yaani kuifanya video yenye urefu wa saa 3 kuwa faili kamili, prosesa na kadi zikikimbia pamoja, ndipo mashine itazima pu bila kuaga, na faili litakuwa limefika asilimia 80. Kuzima ni bahati. Pawa saplai yenye ulinzi mbovu huwa haizimi. Inaendelea kusukuma umeme uliolegea mpaka kitu kiungue, na mara nyingi haiungui peke yake.

Ile ya Kampala lebo yake inasema volti 12, ampea 38. Hiyo ni wati 456 kati ya 500, zote mahali zinapotakiwa. Kwa mzigo wako itakuwa inafanya kazi kwa nusu tu ya nguvu zake, na hapo ndipo pawa saplai hupenda kukaa: joto dogo, feni tulivu. Kampuni ya NVIDIA, iliyobuni chipu ya kadi yako, yenyewe inashauri pawa saplai ya wati 450 kwa kadi hiyo. Utaona hesabu yangu ya 260 na pendekezo lao la 450 vikipishana, ukadhani mmoja wetu anakosea. Wao hawajui una prosesa gani, wanaiwekea nafasi iliyo kubwa kuliko yako, tena wanajua kadi hupandisha ulaji wake ghafla kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wanajua pia kwamba lebo za watu hudanganya.

Muuzaji akikataa usome lebo kwa nafasi, iombe mkononi. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 huwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu au zaidi, kwa sababu ndani kuna koili za shaba, kapasita kubwa na mabati ya kupoza joto. Nimewahi kushika "wati 600" zilizokuwa nyepesi kuliko kilo ya sukari. Huo ni mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe halina hata mbuzi.

Umeona nembo ya 80 Plus Bronze kwenye ile ya Kampala. Maana yake ni kwamba ikipewa mzigo wa nusu, angalau asilimia 85 ya umeme inaochukua ukutani inafika kwenye kompyuta. Kinachobaki ni joto. Gold ni asilimia 90. Hivyo ni vipimo vya umeme wa volti 115. Kwa volti zetu huwa bora kidogo. Watu huniuliza kama Gold italipa kwenye Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Tuseme unarenda saa 6 kila siku kwa wati 260. Pawa saplai mbovu ya asilimia 75 itavuta 347 ukutani, Bronze itavuta 306. Tofauti ni wati 41, yaani kama uniti 7 kwa mwezi. Kutoka Bronze kwenda Gold tofauti ni ndogo zaidi ya hapo. Kwa studio yako sioni sababu ya kulipia Gold. Weka hizo pesa kwenye UPS, na tutafika huko. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nembo hiyo inapima uchoyo wa umeme tu. Haisemi kitu kuhusu ulinzi. Ndiyo maana mimi huangalia pia miaka ya dhamana: kampuni inayotoa miaka 5 imefanya hesabu zake. Na usinunue kwa jina peke yake, maana majina makubwa nayo yana mistari ya bei ya chini. Unaweza kuvuka Malaba ukapata bei ya kupendeza upande wa Kenya, umeme ni uleule wa volti 240 na plagi ni ileile, lakini muulize muuzaji ikifa mwezi wa tatu utaidai wapi.

Sasa Dell yako, na hapa usome polepole.

OptiPlex 9020 ya mnara ina nafasi ya pawa saplai ya saizi ya kawaida ya ATX, kwa hiyo ya wati 500 itaingia na skrubu zitakaa. Ungekuwa na ile nyembamba ya kulala, jibu langu lingekuwa jingine kabisa: uza kadi, tafuta ndogo kama GTX 1650 fupi isiyo na plagi. Shida ya mnara iko kwenye mazabodi. Badala ya pini 24 za kila mtu, Dell waliweka plagi kuu ya pini 8. Hawako peke yao. HP za umri huo nyingi zina pini 6, Lenovo 10 au 14. Unahitaji adapta ya kutoka pini 24 kwenda pini 8 iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya OptiPlex 9020. Ni kijiwaya cha bei ndogo, ila maduka mengi ya mikoani hawana, hivyo mwambie jamaa wa Kampala aiweke kwenye boksi moja na pawa saplai. Akikosa, usiruhusu fundi yeyote akukatie waya na kuunganisha kwa selotepu ati anajua rangi.

Ukishaifungua mashine, utakutana na plagi tatu zinazofanana kwa macho, zote na pini 8: hiyo ya adapta inayoingia kwenye mazabodi, ya prosesa, na ya kadi. Zisikuchanganye. Ya prosesa kwenye 9020 ni ya pini 4, na pawa saplai yako mpya ina ya 8 inayogawanyika katikati. Chukua nusu moja, nyingine iache inaning'inia. Ya kadi hugawanyika 6 na 2. Mpangilio wa volti 12 na ardhi kwenye plagi ya kadi ni kinyume cha ule wa prosesa, kwa hiyo ukilazimisha moja iingie kwa mwenzake umetengeneza shoti. Plastiki zimechongwa tofauti makusudi. Plagi ikikataa, usiisukume kwa kidole gumba, itoe, itazame.

Najua pia kuna mtu atakuambia ubaki na pawa saplai ya Dell ya wati 290, ununue kigeuzi cha kutoka plagi ya SATA kwenda plagi ya kadi. Kwa hesabu ya wati 260 mtu anaweza kushawishika. Usikubali. Plagi ya SATA imeruhusiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Sloti ya mazabodi inaipa kadi mpaka 75, na plagi ya pini 8 imetengenezwa kubeba mpaka 150. Kadi haijui kwamba umeifunga kwenye waya wa hadidiski; itavuta inachotaka, na plastiki ya SATA italainika kama mshumaa. Hizo nimezitoa kwenye mashine za watu zikiwa zimegandana, nyeusi.

Turudi kwenye picha yako ya tatu, nyuma ya ile ya 70,000. Ile swichi nyekundu ndogo yenye 115 na 230 nimeiona. Pawa saplai nyingi za kisasa hazina, kwa sababu zinajirekebisha zenyewe kwa umeme wa nchi yoyote. Mimi na swichi hiyo tunafahamiana. Nilikuwa ndiyo naanza kazi, kwenye duka moja la kompyuta za mtumba Kampala. Mzigo ulikuwa umetoka Marekani, mashine zimepangwa hadi dari, nami nikapewa kazi ya kuzijaribu. Nikachomeka ya kwanza bila kutazama nyuma. Ilikuwa kwenye 115. Mlio ulikuwa wa tairi la boda kupasuka, mwanga wa buluu ukatoka kwenye matundu ya feni, duka zima likazima, halafu ikaja harufu kama ya samaki aliyeungua. Bosi hakusema neno. Alikuja, akainama, akaionyesha ile swichi kwa ncha ya kalamu, akarudi kwenye hesabu zake. Tangu siku hiyo kompyuta yoyote ya zamani naizungusha kwanza nitazame mgongo.

Ile ya wati 500 lebo yake inasema 100-240V, na hilo kwa Tororo ni jambo kubwa. Jioni watu wote wakiwasha pasi na majiko, umeme ukishuka hadi 180, pawa saplai ya namna hiyo haitajali. Ndiyo maana siwaambii watu wakanunue stabilaiza kwa ajili ya kompyuta yenye pawa saplai ya aina hii. Umeme mdogo si adui yako. Adui ni ule unaorudi baada ya kukatika, unaokuja na kishindo, unashuka, unapanda, ndipo utulie. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani. Ukirudi, ngoja dakika 5. Kama wewe ni msahaulifu, kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, kinafanya kazi hiyohiyo vizuri tu, mradi hakizidiwi na mzigo.

Nikuulize: ukigusa kasha la kompyuta kwa mgongo wa mkono, unahisi kama siafu wanatembea? Kama ndiyo, soketi yako haina waya wa ardhi, au upo lakini haufiki popote. Ndani ya kila pawa saplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, na zimeungwa kwenye bati. Ardhi ikiwepo, kiasi kidogo kinachovuja kinashuka chini kimya kimya. Isipokuwepo, bati linabaki linaelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Ampea zake ni ndogo mno, hazikuui, lakini ndizo zinazokutekenya, na ndizo zinazoua bandari za HDMI unapochomeka projekta ya ukumbini huku mashine inawaka. Mwite fundi umeme achimbie fimbo ya ardhi kabla hujaweka vifaa vipya. Hata kizuia mishtuko cha soketi, bila ardhi kazi yake hupungua sana.

UPS ya 650VA sasa. Hizo VA si wati. Kwa nyingi za saizi hiyo wati halisi ni kati ya 325 na 390. Mashine yako ikirenda itavuta kama 300 ukutani, skrini 25. Upo ukingoni. Kwa kazi nyepesi itakupa dakika za kutosha kuhifadhi na kuzima. Katikati ya kurenda, betri ikiwa imechoka, italia mlio mmoja na kukata. Kuna kingine: UPS za bei ya chini, zikiwa kwenye betri, hazitoi wimbi la umeme laini, zinatoa la ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai nzuri hulikataa. Hilo lijaribu siku pawa saplai inafika, bado muuzaji anakukumbuka sura: anza kurenda kitu usichokihitaji, chomoa UPS ukutani, tazama. Ikizima papo hapo, tafuta UPS ya 1000VA au zaidi inayotoa wimbi laini, hata kama ni mwezi ujao. Usiunge printa ya leza kwenye UPS hiyo kamwe.

Vumbi la mji wako, ukichanganya murramu ya barabarani na saruji, litajaza feni kabla ya mwaka kuisha. Lipulize kutoka nje kwa blowa, feni umeizuia isizunguke kwa kijiti. Bati la pawa saplai usilifungue hata kama umechomoa waya, kapasita ile kubwa hubaki na mamia ya volti kwa muda.

Ile ya Dell ya wati 290 usiitupe wala usimpe mtu. Ifunge kwenye mfuko mkavu uiweke kabatini. Prosesa yako ina grafiki zake za ndani, kwa hiyo siku hii mpya ikileta matata Ijumaa usiku, utatoa kadi, utarudisha ya zamani, skrini utaichomeka kwenye mazabodi, na video ya Jumamosi itatoka. Itatoka polepole, lakini bwana harusi hatajua.